Huwezi kuacha usichopewa

Siku ile sungusungu walipofika kituoni kwetu nilidhani wamekuja kuazima mpira. Kumbe wameshika kaye. Ilikuwa kaye ya kawaida tu, ya jalada la bluu, kama zile wanazopewa wanafunzi wetu wote. Walimkuta nayo kijana wa miaka 15 nyuma ya bomba la maji, jioni, anaandika haraka haraka. Wakamwambia asome alichoandika, akakataa. Wakaangalia wenyewe: si Kiswahili, si Kifaransa, si Kiarabu. Ni mikunjo, vijiti na vidoti, ukurasa baada ya ukurasa.

"Wewe ndiye mwenye vijana," mkubwa wao akaniambia. "Tuambie hii ni kitu gani."

Sikujua. Na badala ya kumwita mwenye kaye nimuulize, niliichukua nikaipeleka mwenyewe kwenye kikao cha wazee wa kijiji, kusudi nionekane mtu wa kuaminika. Kosa hilo nitalirudia mwishoni.

Pale chini ya mwembe yalisemwa mambo mawili. La kwanza: hii ni siri ya wezi. Wiki ile taa mbili za sola zilikuwa zimepotea, na mtu aliyeibiwa huona wezi kila mahali. Kijana akaitwa, pamoja na mama yake. Akaeleza kwa sauti ndogo kwamba ile ni lugha. Ameitunga yeye. Ni lugha ya nchi inayoitwa Tavuo.

"Tavuo iko wapi?" mzee mmoja akauliza.

"Haipo, babu. Iko kwenye kaye."

Watu wakacheka. Mwenyekiti akataka uthibitisho. Kijana akasema dada yake mdogo anaisoma. Basi mwenyekiti akamnong'oneza kijana sentensi: kesho watu wa zoni ya juu watapewa unga. Kijana akaandika mstari mmoja. Dada yake, mtoto wa miaka 9, akaletwa kutoka kwenye mchezo wa kamba, miguu imejaa vumbi. Akaangalia karatasi, akasoma kwa sauti maneno ambayo hakuna aliyeyaelewa, halafu akasema kwa Kiswahili: "Kesho watu wa juu watagawana unga."

Mwenyekiti akasema si hivyo, yeye alisema watapewa. Mtoto akamjibu bila woga kwamba Kitavuo hakina "kupewa". Kina kugawana tu.

Jambo la wezi likaishia hapo. Lakini lile la pili lilibaki, na ndilo lililonifanya niandike. Lilisemwa na yule mzee aliyeuliza Tavuo iko wapi. Ni mtu wa Fizi, Mbembe, kama mimi na kama baba yake yule kijana. Hakufoka. Alisema hivi: "Mtoto huyu ana akili, ndiyo maana nimeumia. Baba yake alikuwa Mbembe. Nikimsalimia kwa Kibembe ananijibu kwa Kiswahili. Sisi tunazika watu hapa, na kila tunayemzika anaondoka na maneno. Sasa huyu anakaa nyuma ya bomba anawatungia lugha watu wasiokuwepo. Nyumba ya baba yake inavuja, yeye anawajengea majini. Mwacha mila ni mtumwa."

Hakuna aliyemjibu. Hata mimi nilinyamaza, kwa sababu niliona ana haki. Nimekaa na maneno yake karibu mwaka mzima. Swali ninalolitoa kwenu, ndugu wasomaji, ni hili: mtu ambaye lugha ya wazazi wake inamponyoka, ni halali atumie nguvu zake kutunga lugha ya uongo? Au ana deni, na kila neno analolitunga ni kulikimbia deni hilo?

Kwanza nieleze kijana alikotoa wazo. Alilitoa kwenye kibanda cha video. Ilionyeshwa ile sinema ya mwaka 2001 ya mambo ya pete, DJ anatafsiri juu yake. Kuna mahali pete inatupwa motoni, inatolewa, na maandishi yanawaka juu yake. DJ, ambaye alikuwa anatafsiri mpaka milio ya farasi, akasema tu: "Hapo ni maneno ya uchawi, tuendelee." Wenzake wakaendelea. Yeye hakuendelea. Aliniambia baadaye, "Yaya, niliona kabisa yale si mapambo. Kuna alama zilikuwa zinarudi."

Alikuwa sahihi. Yale ni maandishi kamili yanayoitwa Tengwar, na aliyeyatunga ni J.R.R. Tolkien, Mwingereza aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892. Baba yake alikufa mwaka 1896. Mama yake, ambaye ndiye aliyemwanzishia Kilatini nyumbani, alikufa mwaka 1904, mtoto akiwa na miaka 12. Mwaka 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia vimeshaanza, Tolkien alianza kuandika kamusi ya lugha ya kubuni iliyokuja kuitwa Quenya. Mwaka 1916 akapelekwa kwenye mapigano ya Somme, Ufaransa. Alirudi mgonjwa. Marafiki zake wawili wa tangu shuleni hawakurudi. Baadaye akawa profesa wa lugha za kale za Uingereza huko Oxford, lakini lugha zake za kubuni hakuziacha mpaka alipokufa mwaka 1973. Mwaka 1931 alitoa hotuba juu ya tabia hii ya kutunga lugha, akaiita uovu wa siri, kama mtu anayekiri kwamba anakunywa usiku watoto wakilala. Watu wengi wanafikiri aliandika hadithi halafu akatafuta lugha ya kuzipamba. Mwenyewe alisema ni kinyume: lugha zilitangulia, hadithi zikafuata ili lugha zipate dunia ya kukaa.

Kazi yenyewe si ya mchezo. Chukueni herufi zetu za kila siku. T na D ni sauti mbili ndugu: ulimi unakaa karibu mahali pamoja, tofauti ni kwamba D inatetemesha koo. Lakini ukiziangalia kwenye karatasi, T na D hazifanani hata kidogo. Katika Tengwar zinafanana. Kila herufi ina mti na tumbo. T ina mti unaoshuka chini na tumbo moja. Ongeza tumbo la pili, inakuwa D. Pandisha mti juu, T inageuka kuwa TH kama ya thamani, na D inageuka kuwa DH kama ya dhahabu. P na B ni hivyo hivyo. Mara nyingi irabu zinawekwa kama alama ndogo juu ya herufi. Yaani umbo la herufi linakuonyesha mdomo unafanya nini.

Kijana wetu hakujua hata moja kati ya hayo. Lakini nilipomwomba anifundishe herufi za Kitavuo, aliniambia niweke vidole kooni niseme p, halafu b. "Ni mapacha," akasema, "mmoja ananguruma." Kwa hiyo umbo lao ni moja, na anayenguruma ana kidoti tumboni. Aligundua mwenyewe, nyuma ya bomba la maji, jambo ambalo mimi niliyemaliza sekondari sikuwahi kulifikiri.

Sasa najua mzee angejibu nini. Angesema: sawa, huyo Mwingereza alitunga, lakini lugha ya mama yake ilikuwa salama. Aliiacha nyumbani asubuhi, akarudi jioni akaikuta. Mtu ambaye ghala lake limejaa anaweza kucheza na mahindi. Jibu hilo ni zito, na sitaki kulipita kwa haraka. Kuna tofauti kati ya kucheza na lugha ukiwa na lugha, na kucheza nayo wakati yako inakufa.

Basi nitoe mfano wa watu ambao yao haikuwa salama. Mwaka 1989 huko Nzérékoré, Guinea, ndugu wawili, Ibrahima Barry wa miaka 14 na Abdoulaye Barry wa miaka 10, walikuwa wanajifungia chumbani baada ya shule. Lugha yao ni Kipulaar, lugha ya Wafulani. Baba yao alikuwa anawasomea watu barua zilizoandikwa Kipulaar kwa herufi za Kiarabu, na barua zile zilikuwa taabu kusoma, maana herufi za Kiarabu hazitoshi sauti zote za Kipulaar. Watoto wakaamua watunge herufi zao. Mara nyingine walifumba macho wakachora, halafu wakafumbua waone kilichotoka. Yakatoka maandishi yenye herufi 28, yanayoandikwa kutoka kulia kwenda kushoto. Walimfundisha dada yao mdogo, halafu wakaenda kufundisha sokoni, na kila aliyejifunza waliomba afundishe wengine watatu. Miaka kadhaa baadaye, Ibrahima akiwa mtu mzima, alikamatwa akafungwa miezi 3. Kila mahali wenye mamlaka wanaogopa karatasi wasiyoweza kuisoma, si sungusungu wetu tu. Leo maandishi hayo yanaitwa Adlam, na tangu mwaka 2016 yamo kwenye mfumo wa Unicode unaotumiwa na simu na kompyuta dunia nzima. Jina hilo ni herufi zao nne za mwanzo, A, D, L, M, na wao wanalisoma kama kifupi cha maneno yenye maana ya alfabeti inayolinda watu wasipotee.

Na si lazima twende mpaka Guinea. Kwetu Kongo, mwaka 1978, Wabeladio Payi alianza kutunga maandishi ya Mandombe. Maumbo yake ya msingi aliyaona kwenye ukuta wa matofali, katika mistari ya udongo inayounganisha tofali na tofali. Yanafanana na 5 na 2. Watu wa kanisa la Kimbangu wameyafundisha, na yanaandika Kikongo, Kilingala, Kiluba na hata hiki Kiswahili chetu.

Mzee angefurahi na hao. Angesema: unaona? Wao walitunga herufi kwa ajili ya lugha ya kweli ya watu wa kweli. Yule wa pete na mtoto wetu wanawatungia majini. Hapo ndipo ninapotaka kumpinga kwa heshima yote.

Fikirieni mlango wa kile chumba cha Nzérékoré mwaka 1989. Uko nje, unachungulia. Unaona watoto wawili wamefumba macho wanachora mikunjo kwenye kaye, wakati wenzao wanarudia masomo. Ungejuaje kama wanacheza au wanaokoa? Hakuna ambaye angejua. Kwa nje, mchezo na kazi vinafanana kabisa, na mara nyingi hata ndani vinafanana. Ukimpokonya mtoto kaye siku hiyo kwa sababu haileti faida, umepokonya bila kujua umepokonya nini.

Lakini hoja hiyo peke yake haitoshi, kwa sababu inamtetea mtoto kwa faida atakayoleta kesho. Je, kama haileti? Kama Kitavuo kitabaki kwenye kaye, mpaka mvua iipate kaye? Hapo bado tuna lile neno la mzee: deni. Nalo nimelichunguza kwa kuanzia kwenye methali aliyoitumia mwenyewe. Mwacha mila ni mtumwa. Tazameni kitendo: kuacha. Ili uache kitu, ni lazima kwanza kiwe mkononi mwako. Yule kijana alizaliwa hapa kambini. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo sana. Mama yake si Mbembe, nyumbani wanasema Kiswahili, shuleni Kiswahili na Kifaransa, bombani Kiswahili. Nani alimpa Kibembe, yeye akakiacha wapi? Huwezi kuacha usichopewa. Huwezi kudaiwa mkopo ambao hukuwahi kuupokea.

Deni lipo, sisemi halipo. Lakini ni la yule anayeijua lugha. Anayeijua ndiye aliyepewa. Anayepewa ndiye anayedaiwa. Na anamlipa anayemfuata, si aliyempa. Sisi tumeligeuza. Tumekaa na lugha vifuani, tunawasemesha watoto Kiswahili kwa sababu ni rahisi, kwa sababu tulikuwa tunakimbia na Kibembe kiliweza kukutambulisha mahali pabaya, kwa sababu tumechoka. Zote ni sababu za kweli. Halafu mtoto akifika miaka 15 tunamwita chini ya mwembe tunamdai.

Wiki mbili baada ya kikao, nilimwomba kijana ruhusa nimtembelee yule mzee na orodha ya maneno ya Kitavuo. Safari hii niliomba. Akaniandikia maneno 60 kwa herufi za kawaida. Nikaenda, nikakaa kwenye kigoda, nikamsomea mzee. Alikuwa anasikiliza kwa adabu, kama mtu anayesomewa barua ya watu wengine. Nilipofika kwenye neno la kumwita mtoto aliyekasirika arudi kula, akaniambia, "Rudia." Nikarudia. Mbele kidogo, kwenye jina la samaki fulani mdogo, akanisimamisha tena. Na mara ya tatu kwenye neno la kufunga mlango usiku. "Mwanangu," akasema, "haya matatu hayakutungwa. Haya ni yetu."

Nilirudi nikamuuliza kijana. Aliniambia maneno hayo yalikuwa ya bibi yake, mama wa baba, aliyekufa yeye akiwa na miaka 6. Bibi pekee ndiye aliyekuwa anayasema. Kwa hiyo mtoto alidhani bibi aliyatunga mwenyewe. Na ndiyo sababu, alipoanza lugha yake, aliyaweka ya kwanza. Alifikiri anaendeleza kazi ya bibi.

Tangu siku hiyo siamini kwamba mtu anatunga lugha kutoka hewani. Quenya ya Tolkien ina harufu ya Kifini, lugha aliyoipenda akiwa kijana. Lugha yake nyingine, Sindarin, aliijenga kwa sauti zinazofanana na za Wales. Mtunzi anaokota. Swali zuri la kumuuliza si "kwa nini unapoteza wakati?" bali "humo umeweka nini?" Sisi tulikaribia kuitupa kaye ambayo ndiyo ilikuwa imeyahifadhi maneno matatu ya marehemu.

Nisiwe upande mmoja tu. Lugha ya kubuni ina hatari yake. Mwaka 1984, kwa ajili ya sinema ya mambo ya anga, mtaalamu wa lugha Marc Okrand alitengeneza Kiklingoni, lugha ya viumbe wapiganaji, na mwaka uliofuata kamusi yake ikachapishwa. Huko Marekani baba mmoja, naye mtaalamu wa lugha, aliamua kumsemesha mwanawe mchanga Kiklingoni tu, mama akimsemesha Kiingereza. Aliendelea hivyo karibu miaka mitatu. Shida ilikuwa kwamba lugha ile ilijaa maneno ya vita na vyombo vya anga, lakini vitu vingi vya nyumbani havikuwa na jina. Mwishowe mtoto mwenyewe hakuitaka, na baba akaacha. Simcheki baba huyo. Lakini kwangu mpaka uko hapo: jitungie unavyotaka, usimfungie mtu mwingine ndani. Dada yake yule kijana anasoma Kitavuo kwa sababu alimsumbua kaka yake amfundishe. Siku atakayochoka, atatoka akacheze kamba, na hakuna atakayemdai.

Nina neno dogo kwa wahudumu wa mashirika wanaotusoma. Najua ripoti zenu zina visanduku, maana mimi ndiye ninayevijaza. Sijapata kisanduku cha kijana aliyetunga herufi, na siombi kitengenezwe; kikitengenezwa, kesho mtataka vijana 30 watunge herufi kabla ya mwisho wa mwezi. Ninachoomba ni kidogo zaidi. Mkimkuta mtoto anaandika kitu msichokielewa, subirini kidogo kabla ya kuuliza kitamsaidia nini. Hapa kambini karibu kila karatasi inayomhusu mtu imeandikwa na mtu mwingine: kadi, fomu, maelezo ya mahojiano. Kaye ile ndiyo karatasi aliyoiandika mwenyewe, kuhusu nchi aliyoichagua mwenyewe.

Na nchi hiyo, sasa nimeijua kidogo. Tavuo ni nchi ya visiwa vinavyoelea ziwani. Haina neno la "mpaka". Nilipomuuliza wangesemaje mpaka, alifikiri, akasema wangesema "pale ambapo samaki hajui". Mkumbuke ziwa letu Tanganyika linagawanywa na nchi nne, na dagaa wa upande huu ndiye yule yule ndagala wa upande ule, yeye hajui. Lakini kilichonigusa zaidi ni sarufi. Kitavuo kina njia mbili za kusema jambo lililopita. "Toruna" ni nililima nikamaliza. "Toruve" ni nililima ikakatika: kitu kilichosimamishwa katikati, jembe bado limelala shambani. Huwezi kusema tu "nililima". Lazima uchague.

Nilimwambia anifundishe kusema "nilisoma". Akaniuliza, "Yaya, ulimaliza au ilikatika?" Nilitaka kusema nilimaliza, maana cheti cha sekondari ninacho. Lakini nilikuwa nataka kusomea ualimu, na nafasi haikupatikana, na miaka imepita. Kiswahili kilikuwa kinaniruhusu kusema "nilisoma" nikanyamaza hapo. Kitavuo hakikuniruhusu. Lugha ya uongo ndiyo iliyonilazimisha kusema kweli.

Yule mzee alikuja kituoni Jumamosi moja. Hakusema amekuja kwa nini. Alikaa kwenye benchi la nje, akamwita kijana kwa lile neno la kumwita mtoto aliyekasirika arudi kula, na kijana akatoka. Walikaa kama nusu saa. Nilisikia mzee akisahihisha jina la samaki: silabi ya mwisho inashuka, hukusikia vizuri, bibi yako alikuwa hana meno. Wakacheka. Hajarudi tena, miguu inamsumbua, lakini kijana anapita kwake mara kwa mara akitoka bombani.

Mimi je? Nami nakijua Kibembe, si vibaya. Miaka minne niko na vijana hawa, na wengi wao ni watoto wa Fizi, lakini sijawahi kuwasemesha Kibembe hata salamu. Kwa hiyo pale chini ya mwembe mdaiwa hakuwa yule kijana. Nilikuwa mimi, nimesimama na kaye yake mkononi.

Nilimwomba radhi, kwa kuipeleka kaye yake mbele za watu bila kumuuliza. Ilikuwa Kiswahili changu cha kawaida, "samahani, nilikukosea". Akaitikia kwa kichwa. Halafu akaniuliza, bila hasira, kama mwalimu anayemsubiri mwanafunzi achague: kukosea huko, kumekwisha au kumekatika?

Nilimwambia ukweli, kwamba sijui bado. Sasa kila Jumatatu naanza kwa kuwasalimia vijana kwa Kibembe, na wale wasio Wabembe nawaomba watufundishe ya kwao. Wengine wanaitikia, wengine wanacheka. Naendelea.